Chanjo na ahadi zilizozidi kipimo

Miaka imepita tangu sindano za kwanza za korona zitolewe, lakini katika jumuiya yetu hapa Uingereza bado kuna kauli inayorudi kila chanjo inapotajwa: tuliambiwa tukichanjwa hatutaugua, tukachanjwa, na tukaugua. Anayesema hivyo hadanganyi. Wengi waliumwa korona baada ya dozi mbili, hata tatu. Kumwita mtu huyo mjinga ni kumkosea, na tena ni kupoteza nafasi ya kumweleza jambo lenye uzito. Msimamo wa jarida hili ni kwamba chanjo zile zilifanya kazi, tena kazi kubwa, na waliozitumainia mwaka 2021 walikuwa na sababu nzuri ya kuzitumainia. Kilicholeta madhara ni ahadi zilizoongezwa juu ya kile kilichokuwa kimethibitishwa. Ahadi ya ziada ilipoanguka, iliangusha pamoja nayo imani katika ile iliyokuwa ya kweli.

Turudi kwenye ushahidi wenyewe. Tarehe 9 Novemba 2020 kampuni za Pfizer na BioNTech zilitangaza kwamba chanjo yao inazuia ugonjwa kwa zaidi ya asilimia 90, na hesabu iliyofuata ikafika asilimia 95. Walioshiriki walikuwa zaidi ya 43,000. Nusu walipewa chanjo, nusu wakapewa sindano isiyo na dawa, bila mshiriki kujua amepata ipi. Katika hesabu hiyo walipatikana wagonjwa 170: 162 upande wa sindano tupu na 8 upande wa chanjo. Hapo ndipo ilipotoka ile 95. Haikuwa na maana kwamba kati ya watu 100 waliochanjwa watano wataugua, kama wengi walivyoelewa. Ilimaanisha kwamba upande wa chanjo ulikuwa na wagonjwa pungufu kwa asilimia 95 kuliko upande wa pili. Na waliohesabiwa ni wale walioonyesha dalili, wakapimwa, wakakutwa na virusi. Jaribio halikuundwa ili kujua kama aliyechanjwa anaweza kubeba virusi bila dalili na kumwambukiza mwenzake. Wala halikuweza kusema kinga ingedumu muda gani, kwa sababu washiriki walikuwa wamefuatiliwa kwa takriban miezi miwili tu baada ya dozi ya pili. Mipaka hii yote iliandikwa wazi kwenye ripoti. Lakini namba 95 ndiyo iliyofika kwenye simu zetu, na mipaka yake ikabaki nyuma.

Kuanzia hapo wanasiasa waliongeza chumvi. Julai 2021 Rais Joe Biden aliwaambia Wamarekani, mbele ya kamera za televisheni, kwamba waliochanjwa hawatapata korona. Mwezi huohuo ukazuka mlipuko wa kirusi cha Delta katika mji mdogo wa mapumziko wa Provincetown, jimbo la Massachusetts. Kati ya wagonjwa 469 wa jimbo hilo waliorekodiwa, karibu robo tatu walikuwa wamekamilisha chanjo. Habari hiyo ilienea kama uthibitisho kwamba chanjo imeshindwa. Wachache walisoma hadi pale palipoandikwa kwamba waliolazwa hospitali walikuwa watano, na hakuna aliyekufa. Mwishoni mwa mwaka akaja Omicron, na maambukizi baada ya chanjo yakawa jambo la kila nyumba.

Kuna hesabu moja iliyowababaisha watu wengi wenye akili timamu, nayo inastahili kuelezwa polepole. Chukulia mfano wa mtaa wenye wazee 1,000, na 900 kati yao wamechanjwa. Ugonjwa ukiingia, tuseme katika kila wazee 100 wasiochanjwa 10 hulazwa, na chanjo hupunguza hatari hiyo kwa asilimia 90, yaani hulazwa mmoja tu katika kila 100. Wodini utakuta wagonjwa 10 wasiochanjwa na 9 waliochanjwa. Anayepita na kuhesabu vitanda ataona karibu nusu kwa nusu, atapiga picha na kuituma kwenye kikundi cha WhatsApp akisema chanjo haina faida yoyote. Kila alichokiona kipo, ila hakuhesabu wazee 891 waliochanjwa ambao wako majumbani mwao. Bila chanjo wodi hiyo ingekuwa na wagonjwa 100.

Kwa dunia nzima, watafiti wa Imperial College London walikadiria mwaka 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa utoaji wake chanjo zilizuia vifo milioni 14.4, ukipima kwa vifo vilivyoripotiwa kuwa vya korona, au milioni 19.8 ukipima kwa vifo vyote vilivyozidi kawaida. Haya ni makadirio ya kihisabati, na mtu ana haki ya kuyatilia shaka. Yakate nusu basi: bado ni mamilioni ya watu. Wapo wanaojibu kwamba huko nyumbani dozi zilichelewa na watu hawakufa kama Ulaya. Ni kweli kwamba Afrika ina vijana wengi, na korona iliwaua zaidi wazee. Lakini tusijenge hoja juu ya vifo ambavyo havikuhesabiwa. Huko Lusaka, watafiti waliopima miili 364 katika chumba cha maiti cha hospitali ya chuo kikuu katikati ya mwaka 2020 walikuta virusi katika miili 58, na waliokuwa wamepimwa kabla ya kufa walikuwa wachache mno. Tanzania nayo iliacha kutangaza takwimu zake kwa zaidi ya mwaka mmoja, hadi serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilipobadili mwelekeo na yeye mwenyewe akachanjwa hadharani Julai 2021.

Pingamizi zito kuliko yote hutoka kwa watu wa afya wenyewe. Wanasema: mkiwaeleza watu mipaka na madhara ya chanjo, mtawatisha, na wazee watakufa kwa sababu ya ukweli wenu. Hoja hii hatuwezi kuipuuza, kwa maana ina ushahidi. Utafiti uliofanywa Denmark na Marekani na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kueleza wazi kasoro za chanjo kulipunguza kidogo idadi ya waliokuwa tayari kuchanjwa. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba uwazi uliongeza imani kwa mamlaka za afya, na maneno ya kupaka mafuta yaliipunguza. Kwa hiyo gharama ipo. Swali ni iwapo tunahesabu wiki hii au muongo mzima, na gonjwa lijalo litatukuta na imani tuliyoiweka akiba leo.

Historia inatupa mfano mgumu zaidi. Tarehe 12 Aprili 1955 ilitangazwa huko Ann Arbor, Michigan, kwamba chanjo ya polio ya Jonas Salk ni salama na inafanya kazi. Kengele za makanisa zililia na watu wakashangilia barabarani. Wiki chache baadaye ikagundulika kwamba maabara ya Cutter ya California ilikuwa imetoa dozi zenye virusi hai. Watu wapatao 200 walipooza na 10 wakafa. Serikali ilisimamisha utoaji wa chanjo, ikakagua viwanda, ikakaza masharti ya upimaji, kisha ikaendelea. Wazazi walirudi na watoto wao. Wagonjwa wa polio Marekani walikuwa karibu 58,000 mwaka 1952. Mwaka 1957 walikuwa chini ya 6,000. Kwa maoni yetu, kilichookoa matumaini ya wazazi wale ni kwamba kosa lilitajwa kwa jina lake na watu wakaona likirekebishwa.

Tulinganishe na suala la damu kuganda mwaka 2021. Chanjo ya AstraZeneca ilihusishwa na tatizo hilo kwa mtu mmoja au wawili katika kila watu 100,000 waliopata dozi ya kwanza. Uingereza iliendelea kuitumia kwa wakubwa, na kufikia Mei ikawapa walio chini ya miaka 40 chanjo nyingine. Uamuzi huo ulipima umri na hatari. Kongo ilikuwa imepokea dozi milioni 1.7 mwanzoni mwa Machi, lakini nchi kadhaa za Ulaya ziliposimamisha chanjo hiyo nayo ikaahirisha, ikaanza tarehe 19 Aprili, na hatimaye dozi takriban milioni 1.3 zikapelekwa nchi nyingine kabla hazijaharibika. Hofu iliwafikia watu wa Kinshasa na Goma mapema, tena kwa sehemu kupitia simu zetu sisi tulioko Ulaya; maelezo ya umri na hatari hayakuwafikia kwa kasi hiyo. Hapa Uingereza penyewe, mwanzoni mwa mwaka 2021, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilikuta asilimia 44 ya watu wazima weusi wakisitasita kuchanjwa, dhidi ya asilimia 8 ya weupe. Jamii iliyowahi kudharauliwa na taasisi ina sababu ya kuuliza maswali mara mbili. Inachodai ni majibu kamili, na ni wajibu wa majarida kama hili kuyatoa kwa Kiswahili kabla ya uvumi kuyatangulia.

Jaribio la kwanza la wajibu huo limeshafika. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza homa ya nyani kuwa dharura ya kimataifa, na tarehe 5 Oktoba mwaka huo chanjo ikaanza kutolewa Goma. Ndugu wanapiga simu kutuuliza kama inafaa. Tuwaambie ndiyo, inafaa, na tuwaambie pia inavyofaa: kwamba ni ya dozi mbili zinazopishana wiki nne, na dozi moja haitoshi kuwa mwisho wa safari, kwamba ushahidi mwingi wa nguvu yake kwa wagonjwa ulitokana na mlipuko wa mwaka 2022 wa Ulaya na Marekani, wa aina tofauti ya kirusi na ile iliyoibuka Kivu, kwamba iliidhinishwa kwanza kwa watu wazima, ilhali watoto wengi wa Kongo wameugua, na kwamba aliyechanjwa leo aendelee kuepuka kugusana na mwenye vipele hadi kinga yake ijengeke.