Nani Kasema Hajaiona?

Nianze na kosa langu, maana makala hii inamsema mtu, na mtu wa kwanza kusemwa ni mimi.

Desemba 2019 tulikuwa Korogwe kwenye sendofu ya ndugu yetu. Baada ya chakula, sisi "wasomi" wa ukoo tulijitenga kwenye kona ya turubai tukaanza kubishana kuhusu Terminator: Dark Fate, iliyokuwa imetoka muda mfupi tu nyuma. Kila mshabiki anaujua ubishi huo. Wapo wanaosema Terminator ni mbili tu, ya 1984 na ya 1991, zote za James Cameron, na nyingine zote ni njaa ya pesa. Wapo wanaoitetea ya tatu ya 2003 kwa sababu ya mwisho wake mchungu. Wapo hata wanaoitetea Genisys ya 2015, na hao tuwaombee.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuja na soda mkononi akasikiliza. Tulikuwa tunamchambua yule roboti wa Dark Fate anayeitwa Carl, anayemuua mtoto John Connor mwanzoni kabisa, kisha, kwa kuwa hana amri nyingine ya kutii, anajifunza taratibu uzito wa alichokifanya. Anaishi na mwanamke na mtoto wake, anauza mapazia. Wenzangu waliona ni upuuzi. Kaka akasema, "Mbona mimi siku zote nawaambia? Komando alitubu."

Watu wakacheka. Nami nikasema, kwa sauti iliyofika meza ya pili, "Kaka, wewe hata moja hujaiona. Uliona za DJ."

Hakujibu. Aliweka soda mezani, akaenda kuwasaidia waliokuwa wakipanga viti.

Sasa nieleze nilimwambia nani maneno hayo. Miaka ya mwanzo ya 2000 kaka aliishi kwetu Manundu akisoma. Jirani palikuwa na kibanda umiza cha mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja na deki, na jenereta linalonguruma nyuma. Kiingilio shilingi 100. Wasichana hatukuwa na ruhusa ya kwenda. Palikuwa na sigara na lugha za wakubwa. Basi kaka alikwenda kwa niaba yetu sote. Usiku, barazani, alitusimulia sinema nzima kuanzia mlio wa kwanza wa pikipiki. Alikuwa bunduki, alikuwa lori, alikuwa yule polisi wa chuma cha majimaji anayepita katikati ya nondo za mlango. Terminator yangu ya kwanza haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa sauti ya kaka, aliyekuwa anasimulia alichosimuliwa na DJ, aliyekuwa anasimulia juu ya Kiingereza cha Arnold Schwarzenegger, Kiingereza chenye lafudhi ya Austria.

Ndiye niliyemwambia hajaiona.

Nimekuja kugundua kwamba sentensi ile si yangu peke yangu. Inatembea. Utaisikia mabwenini vyuoni, utaisikia kwenye daladala: "Hiyo si ya kutafsiriwa? Basi hujaangalia." Anayesema hivyo hazungumzii sinema. Anataka ujue kwamba yeye Kiingereza kinapanda. Katika nchi ambayo mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha anaamka asubuhi ya kidato cha kwanza akute fizikia imebadilika lugha, sentensi hiyo haiwezi kuwa utani. Kaka aliishia kidato cha pili. Kichwa alikuwa nacho. Kilichomkwama ni lugha ya mtihani. Mimi nilipomcheka, nilimrudisha chumba kilekile cha mtihani nikamfelisha mara ya pili, safari hii kwa sinema.

Tuulizane basi: kuiona sinema ni nini?

Wajerumani, ambao lugha yao ndiyo lugha ya mama ya Schwarzenegger, kwa miaka mingi walimsikia akizungumza kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, mwigizaji Thomas Danneberg. Hispania, kwenye sinema ya pili, yale maneno maarufu ya kuaga ambayo kwa asili ni Kihispania waliyabadili yakawa Kijapani, ili utani usipotee. Hakuna anayewaambia Wahispania kwamba hawajaiona. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthiliya ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imewekewa sauti za Kiswahili, na Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam mwaka 2013 akaitaja kwenye hotuba. Kwa hiyo, Mjerumani akiweka sauti yake juu ya sinema ni utamaduni. China ikiweka Kiswahili juu ya tamthiliya yake ni diplomasia. Lufufu akiweka Kiswahili juu ya sinema ya Marekani, ni ushamba. Nani alipanga ngazi hii, na sisi tunaipanda kwenda wapi?

Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro Kenya, VJ Jingo Uganda: hawa walifanya zaidi ya kutafsiri. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings aliandika makala kuhusu wasimuliaji wa Tanzania, na kichwa chake kinazungumzia kuugeuza wali kuwa pilau. Msimuliaji alieleza, alikosoa, alimpa mhusika jina la mtaani, alimuonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Ukitaka kujua wahakiki wa sinema wa kwanza ambao wengi wetu tuliwasikia, usitafute magazetini. Walikuwa na maikrofoni kibandani.

Najua majibu yatakayokuja, na mawili ni ya haki. La kwanza, kazi zile zilichukuliwa bila ruhusa ya wenyewe. Ni kweli, na sheria ya hakimiliki tunayo. Lakini dawa yake ni leseni na malipo, na msimuliaji naye alipwe. Kumcheka mtazamaji hakumrudishii Cameron hata senti moja. La pili, wasimuliaji walipotosha. Hilo nalo ni kweli, na nina ushahidi wa nyumbani.

Baada ya ile sendofu sikulala vizuri kwa muda mrefu. Desemba iliyofuata nikapanda gari kwenda Handeni, pale Chanika, ambako kaka sasa ni fundi pikipiki. Nilibeba kompyuta na flashi yenye sinema zote sita. Nikamwambia, "Kaka, nimekuja tuziangalie zote, moja baada ya nyingine, kwa sauti yake ya asili." Akaniangalia kama mtu anayekagua injini aliyoletewa na mgeni. "Na atakayetafsiri ni nani?"

Nikawa mimi.

Siku tatu, sinema mbili kila usiku, sebuleni: kaka, mkewe, watoto wao, mama mkubwa kwenye mkeka. Ndoo za maji zimepangwa ukutani, maana Handeni mtu huyahesabu maji kabla ya kuhesabu pesa. Hapo ndipo nilipoonja kazi niliyokuwa naidharau. Dakika kumi za mwanzo nilitafsiri neno kwa neno, na watoto wakaanza kusinzia. Mama mkubwa akauliza, "Huyu mama kwa nini wamemfungia hospitali ya vichaa?" Ningeweza kumpa maelezo ya daktari. Nikasema, "Kwa sababu kasema ukweli, mama, na ukweli wenyewe haujafika bado." Akatikisa kichwa. "Basi wapo wengi." Tangu hapo nilisimulia. Kutafsiri nikaacha.

Upotoshaji tuliuona. DJ wa kibandani alikuwa amemruka kabisa Miles Dyson, yule mhandisi mweusi ambaye kazi yake ndiyo itakayoizaa Skynet. Kaka alimjua kama "jamaa wa maabara anayelipuka". Hakujua kwamba mtu yule aliambiwa yatakayotokea, akakubali kuiharibu kazi ya maisha yake, akafa nayo. Alinyamaza, akaomba nirudishe nyuma. Kisha, kwa jicho la fundi, akasema, "Kumbe spea za yule wa kwanza ndizo zilizotengeneza wenzake." Kweli kabisa: mkono na chipu vilivyobaki kiwandani 1984 ndivyo vilivyompa Dyson ujuzi wake. Miaka yote ya ubishi wangu sikuwahi kuisema kwa ufupi namna hiyo.

Kwa hiyo siidharau sauti ya asili. Inafaa kuitafuta. Ila haikupi umiliki.

Sasa turudi kwenye "Komando alitubu". Mimi nilikuwa na jibu la kishabiki: si yuleyule. Roboti wa sinema ya kwanza alisagwa kwenye mashine ya kubana chuma. Wa pili ni mwingine wa aina ileile, aliyebadilishiwa programu na kutumwa kulinda. Kwa karatasi, niko sahihi. Lakini DJ wa Manundu, aliyekuwa na kanda mbili zenye uso mmoja, muuaji kisha mlinzi, alijiuliza swali ambalo mtu mzima yeyote angejiuliza: je, aliyeumbwa kuua anaweza kubadilika bila kulazimishwa? Akajibu ndiyo. Hollywood ilihitaji hadi 2019 kulifikia swali hilo kwa Carl. Tulikuwa nalo barazani Korogwe, tukalicheka kwa sababu lilisemwa kwa Kiswahili.

Na hao wenyewe wa Hollywood, tuwaangalie. Dark Fate inajifanya sinema ya tatu, ya nne na ya tano hazikuwahi kutokea. Genisys ilizivuruga zilizotangulia ikamgeuza John Connor kuwa adui. Siku ya Hukumu ilipangwa 29 Agosti 1997. Sinema ya tatu ikaisogeza mbele kama harusi iliyokosa michango. Wenye mali wanafuta na kuandika upya watakavyo, nasi tunauita huo mwanzo mpya. DJ akiongeza sentensi moja, tunasema kaharibu.

Usiku wa mwisho nililalamika kwamba Dark Fate ilimuua steringi dakika za mwanzo, na sheria ya kibandani inasema steringi hafi. Kaka alicheka. "Mdogo wangu, steringi alikuwa mama yake. Wewe ulikuwa unamwangalia mtoto." Nikazipitia kichwani ya kwanza, ya pili na ya sita. Sarah Connor yumo zote, na kila mara ndiye anayeubeba mzigo. Mtu "asiyeiona" alikuwa ameona nilichokikosa mimi mwenye Kiingereza changu chote.

Nilimwomba radhi asubuhi, gereji, akiwa ameshika spana. Alisema yamekwisha. Sijui kama yamekwisha, maana watoto wake wawili wako shule na ile asubuhi ya kidato cha kwanza inawasubiri. Ninachojua ni kwamba mkubwa wao aliwakusanya wenzake uani akaanza kuwasimulia, kuanzia mlio wa pikipiki. Alikosea majina mawili. Nilitaka kumrekebisha, nikakaa chini nikasikiliza.