Kusaini sio kufika

Washikaji, neno "ameula" limenichosha. Kijana wa Afrika Mashariki akisaini tu karatasi ughaibuni, sisi wenye kalamu tunarukia: ameula! Kesho yake tumeshamsahau.

Mfano David Matoma, mrushaji wa besiboli kutoka Uganda, aliyesaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2023 akiwa bado kinda. Sisi wa Kahororo ni jirani zake. Ukipanda basi asubuhi Bukoba, kabla ya mchana uko Mutukula mpakani. Jamaa yangu mmoja, tukiwa tunatafuna senene, alinibishia mpaka jasho likamtoka kwamba dogo tayari ni milionea.

Milionea wapi! Chini ya kila timu kubwa kuna ngazi. Unaanzia ligi za wanaojifunza, halafu Single-A, High-A, Double-A, Triple-A, ndipo ligi kuu. Ligi kuu ina timu 30, kila moja wachezaji 26: nafasi 780, tena zina wenyewe. Wanaozigombea kule chini mwaka 2023 walikuwa zaidi ya 5,000. Mpaka mwaka 2022 ngazi ya mwisho kabisa ililipa dola 4,800 kwa mwaka. Marekani hiyo, sio Bukoba! Wachezaji wa ngazi hizo walipoingia kwenye chama ndipo mwaka 2023 zikawa 19,800. Na mrushaji mkate wake uko kwenye kiwiko. Kikikorofisha anapasuliwa, anakaa nje mwaka au zaidi, huku wenzake wanapanda.

Uganda kwenyewe watu walianza kupanda zamani. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu kwenda mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, wakanyimwa viza. Mwaka 2012 wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza ya Afrika.

Sasa nawauliza ninyi mnaojiita waandishi chipukizi: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na Pirates hao hao mwaka 2008. Aliingia uwanjani ligi kuu tarehe 26 Aprili 2017, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo. Hapo katikati kuna zaidi ya miaka minane ya mabasi ya usiku na vyumba vya kuchangia. Nani kati yetu aliiandika hiyo miaka? Tulisubiri picha ya kofia na tabasamu.

Mhariri mmoja, jina nalihifadhi, alinirudishia makala ya mrushaji wa ngazi za chini. Eti niilete akishafika ligi kuu, kwa sasa haina habari. Haina habari! Mvulana anatoka Uganda kwenda kurusha mpira unaozidi kilomita 150 kwa saa mbele ya mashabiki wachache wanaokula karanga, na yeye anataka matokeo tu.

Makala ninayo bado. Nitampelekea tena Jumatatu.