Mchezo Usio na Mwisho, na Telefone Moja Nyumbani



Katika mkutano wa juma lililopita mama mmoja aliuliza: "Huu mchezo wa matofali wanaocheza watoto kwenye telefone, ni mzuri ao ni mbaya?" Wengine walisema unaongeza akili, wengine walisema unaleta uvivu. Niliahidi kujibu hapa.

Mchezo wenyewe unaitwa Tetris. Aliubuni Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta wa Moscow, mwaka 1984. Vipande vinaanguka kutoka juu. Viko vya aina 7 tu, na kila kimoja kina miraba 4. Unakigeuza, unakisogeza, unakilaza mahali pake. Mstari ukijaa bila tundu, unafutika. Ukiacha matundu, rundo linapanda mpaka juu, na mchezo umekufa. Leo michezo mingi ya telefone inauiga.

Tuanze na uzuri wake. Hauhitaji Kifaransa wala kusoma, kwa hiyo bibi na mjukuu wanaweza kuucheza sawasawa. Hauna damu wala bunduki. Unamzoeza mtoto kugeuza umbo kichwani kabla ya kuligeuza kwa kidole, kama vile mama anayepanga mizigo yake kwenye treni ya Lubumbashi: anajua gunia gani litangulia na kikapu gani kitaingia pembeni.

Tena unatuliza. Mwaka 2017 watafiti wa Oxford, Uingereza, walitoa habari za watu waliofikishwa hospitali baada ya ajali ya gari. Waliokumbushwa ajali kisha wakacheza Tetris saa zile za kwanza, juma lile walirudiwa na picha za ajali mara chache kuliko wenzao. Hiyo haiufanyi kuwa dawa ya kila huzuni, lakini inaonyesha kwamba mchezo huu unashika kichwa kweli.

Na hapo hapo ndipo ubaya wake unapoanzia. Bukari ikiiva unaipakua. Kisolo kikiisha, mmoja ameshinda na mwenzake anacheka ao ananuna. Tetris haina kuiva. Ukiucheza vizuri, vipande vinaongeza mbio. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 huko Marekani alikuwa mtu wa kwanza kuicheza nakala ya zamani ya Nintendo mpaka mashine yenyewe ikakwama, na watu walikuwa wameicheza zaidi ya miaka 30! Sisi wengine tunakwama kwanza: macho, usingizi, ao betri.

Pili, nakala nyingi za bure zinaleta matangazo katikati ya mchezo. Kidole cha mtoto kikigusa tu, megabaiti zako zinakwenda. Tatu, mara nyingi unachezwa peke yako. Kwenye kisolo mtoto anajifunza kuhesabu mbegu, na pia kuvumilia mwenzake.

Sasa niseme yangu. Asubuhi moja niliamka, telefone imezima. Nyumbani tunayo moja tu, na moto ulikuwa umekatika tangu jana. Nilimfokea mtoto wangu wa kiume mpaka majirani wakasikia. Nilipoichaji kibandani, nikaona dada yangu mkubwa wa Lubumbashi amenitafuta. Mama yetu alikuwa ameanguka usiku. Mungu alisaidia, alipona, lakini sikuwapo kwenye simu dada alipohitaji sauti yangu.

Jioni mtoto akaja polepole: "Mama, jana mimi nililala mapema. Wewe ndiye ulibaki unacheza."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekosa usingizi kwa ajili ya deni la likelemba, nikasema nipange mistari miwili tu. Nilimwomba mtoto msamaha mbele ya wadogo zake. Haikuwa rahisi, lakini alikuwa amefokewa mbele yao.

Tangu siku ile tuna sheria nne nyumbani, nazo zinanihusu mimi pia. Mchezo ni baada ya masomo na kazi, nusu saa, si zaidi. Megabaiti zinafungwa kabla ya kucheza, na matangazo hayapati njia. Betri ikifika nusu, telefone inawekwa mezani, kwa sababu inayobaki ni ya jamaa. Na usiku mtu akikosa usingizi, aseme kinachomsumbua. Deni lile halikupungua kwa mistari niliyofuta. Lilipungua siku nilipowaambia ninyi.

Kwa hiyo, mama uliyeuliza, mchezo ni mzuri kwa anayejua kuuacha. Kabla ya kumpima mtoto, tujipime sisi. Jumamosi mje na sheria za kwenu tuzilinganishe, na mwenye ubao wa kisolo aulete.

Mbaki salama.