Gari la 1969 lasamehewa, springi zake zatozwa ushuru

Biashara ya magari ya zamani ya Marekani yenye injini kubwa, yale ambayo wenyewe huyaita magari ya misuli, imevuka mpaka wa Marekani na Kanada kwa miaka mingi bila kelele. Mtu wa Ontario hununua Chevelle Ohio. Mtu wa Michigan hufuata Beaumont iliyolala ghalani Saskatchewan. Tangu mwaka 2025 hesabu za biashara hii zimebadilika, na wengi bado wanatazama pasipo. Wanakagua rangi na injini, huku fedha zikipotelea chini ya gari, kwenye springi, shokapu na boliti.

Tuanze na ushuru. Tarehe 3 Aprili 2025 Marekani ilianza kutoza nyongeza ya asilimia 25 kwa magari yanayotoka nje, lakini yaliyotimiza miaka 25 tangu kutengenezwa yaliachwa nje ya nyongeza hiyo. Tarehe 3 Mei ikafuata nyongeza ya asilimia 25 kwa spea, na mfumo wa springi na shokapu umo kwenye orodha. Spea zinazotimiza masharti ya asili ya mkataba wa USMCA, unaozihusu Marekani, Kanada na Mexico, ziliwekwa kando. Tarehe 29 Agosti 2025 ukasitishwa msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800, na huo ndio uliokuwa mlango wa pakiti za boliti na bushi.

Hii haina maana kwamba gari la 1969 lilipita bila kulipa chochote. Ushuru wa kawaida ulikuwepo, na mwaka huo huo Kanada ilibandikwa ushuru mwingine pia. Lakini tofauti iliyojitokeza ni kubwa: springi ikiwa imefungwa mahali pake ni sehemu ya gari, ikiwa ndani ya boksi ni spea, na spea huulizwa imetoka wapi.

Swali hilo la asili ndilo linalowakwamisha wengi. Sehemu nyingi za kuigiza zinazouzwa Amerika ya Kaskazini kwa ajili ya magari haya hutengenezwa Taiwan na China. Kupitia duka la Toronto hakuzigeuzi kuwa za Kanada. Anayeuza "ya kiwanda" lazima aweze kuionyesha, na hapo ndipo kujua alama kunakuwa fedha.

Chukua boliti. Kwa kipimo cha Marekani, mistari mitatu kichwani ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Pembeni mwa mistari kuna herufi za mtengenezaji, kwa mfano RBW, yaani Russell, Burdsall & Ward. Boliti nyingi za kiwandani za enzi hizo zilikuwa na rangi ya kijivu kizito kinachoelekea nyeusi. Fundi asiyejua huzitupa kwenye vyuma chakavu na kufunga mpya zinazong'aa kwa njano, akiamini ametengeneza vizuri zaidi. Kwa usalama pengine kweli; kwa bei ameshusha gari. Na niseme wazi: boliti iliyoliwa na kutu kwenye nyuzi zake isirudishwe kubeba tairi kwa sababu tu ina herufi sahihi. Iwekwe kwenye kopo, iuzwe pamoja na gari.

Springi nazo zina lugha yake. Camaro zote za 1967 zilikuwa na springi ya nyuma ya bapa moja, na shokapu zote mbili mbele ya ekseli. Kuanzia 1968 shokapu moja ilihamia nyuma ya ekseli, na matoleo yenye nguvu yakapewa springi za bapa kadhaa. Ukikuta "1967 asilia" yenye shokapu zilizopishana, chini yake pana ekseli ya gari jingine.

Kwa Dodge na Plymouth, mbele kuna vyuma virefu vya kujisokota badala ya springi za mviringo. Namba hugongwa kwenye ncha ya chuma, na cha kushoto hakiendi kulia. Nyuma, magari ya injini ya Hemi yalitoka kiwandani na mafungu ya springi yasiyolingana: upande wa kulia una bapa zaidi, kwa sababu ya nguvu ya injini gari linapoondoka. Wapo waliosawazisha pande zote mbili wakidhani kuna bapa iliyopotea kushoto.

Mtego mkubwa zaidi, hata hivyo, umeletwa na mpaka wenyewe. Ushuru wa Kanada wa enzi za kale ulifanya iwe ghali kuingiza magari na sehemu zake, hivyo General Motors ya Kanada ikaweka bodi ya Pontiac juu ya chasisi ya Chevrolet. Mkataba wa magari wa Januari 1965, uliotiwa saini na Rais Lyndon Johnson na Waziri Mkuu Lester Pearson, ulifungua biashara, lakini utaratibu huo haukufa mara moja. Parisienne ya Kanada ya miaka hiyo ina springi na mikono ya tairi ya Chevrolet. Beaumont ni Chevelle chini kwa chini. Mmarekani anayeagiza spea za Pontiac ya kwao kwa ajili ya Parisienne hulipa usafiri, hulipa ushuru, kisha hukuta hazifungiki.

Karatasi husaidia. General Motors ya Kanada imekuwa ikitoa kwa malipo kumbukumbu za magari yaliyouzwa Kanada yakiwa mapya, ukiwapa namba ya chasisi. Chevrolet nyingi zilizouzwa Marekani hazina bahati hiyo. Mwenye nalo hutafuta karatasi ya kiwandani iliyosahaulika juu ya tangi la mafuta au ndani ya kiti. Lakini hata kumbukumbu nzuri hutaja oda ya gari, haitaji boliti.

Wasomaji wetu wa Kariakoo na Kirinyaga Road wanaujua mchezo wa jenuini na feki. Tofauti ni kwamba huku jenuini hutafutwa ili gari lifanye kazi. Kule hutafutwa hata ikiwa mpya ya kuigiza inafanya kazi sawasawa.

Kwa anayenunua ng'ambo ya mpaka, cha kudai kabla ya kutuma fedha ni picha za chini: ekseli ya nyuma, vichwa vya boliti, ncha za vyuma, na kila kilichofunguliwa kikiwa kimeorodheshwa. Muuzaji aliyekwisha kulifungua gari na kulipanga katika maboksi sita anauza gari moja na shehena ya spea, na wakala wa forodha aelezwe hivyo mapema, kabla lori halijafika Windsor.