Dizeli hutema masizi ikilishwa vibaya

Bila shaka umewahi kuliona lori likipanda mlima huku likitema moshi mweusi tititi, nawe ukaziba pua kwa leso. Weusi huo ni masizi, ndugu wa yale yanayoganda kwenye sufuria iliyopikiwa kwa kuni. Leo hebu tutazame yanatoka wapi, na jinsi wahandisi walivyofaulu kuyapunguza.

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Pistoni huibana hewa hadi joto lake likapita digrii 500, kisha nozeli hunyunyiza mafuta, nayo huwaka yenyewe. Taabu iko katikati ya mnyunyizo: mafuta ni mengi, hewa ni haba. Mafuta yanayopata joto kali bila oksijeni ya kutosha hugeuka chembe za kaboni. Nyingi huungua humo humo ndani ya silinda. Zinazobaki ndizo tunazozivuta.

Zamani, kwa kawaida, pampu ilimimina mafuta kwa mkupuo mmoja. Ni kama kushindilia kuni zote jikoni: moto husongwa, nyumba ikajaa moshi. Katika miaka ya 1990 ukaja mtambo unaoweka mafuta yenye shinikizo kubwa katika bomba moja linalozilisha nozeli zote, na kompyuta ikapewa kazi ya kuzifungua na kuzifunga. Kampuni ya Denso ya Japani iliuanzisha kwenye malori mwaka 1995, na mwaka 1997 Alfa Romeo 156 ikawa gari dogo la kwanza kuuzwa likiwa nao.

Je, kugawanya mafuta kunasaidiaje? Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walieleza. Nozeli ikisita kidogo, lile wingu zito la mafuta lililo kwenye ncha ya mnyunyizo halipati mafuta mengine ya kulikoleza. Mkupuo wa pili huingia mahali penye joto na hewa, ukaungua upesi. Mkupuo mdogo ukifuata mwishoni, huitibua hewa na kusaidia kuchoma masizi yaliyosalia.

Lakini usidhani kugawanya tu kwatosha. Mkupuo mdogo wa kutangulia hupunguza kelele za injini, ila ukipimwa vibaya huweza kuongeza masizi, kwa maana mafuta yanayoufuata huwaka kabla hayajachanganyika vyema na hewa. Na muda wenyewe ni mchache mno: injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, sekunde moja huwa na mizunguko zaidi ya 33!

Ndiyo sababu nozeli inayovuja huharibu hesabu yote. Ikiwa gari lenu la dizeli hutoa moshi mweusi, msiridhike na fundi anayesema, "Dizeli ndivyo ilivyo." Mwulizeni: amezipima nozeli? Ameangalia chujio cha hewa? Moshi huo ni pesa zenu zinazopeperuka. Tena ni sumu: mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani. Na anayeuvuta si dereva pekee, bali pia mtoto aendaye shuleni kwa miguu.