Remidio mpaka jioni, halafu tunashangaa hawaipendi shule

Nilipotea kidogo, si mnajua tena mambo ya TP, wiki nane za vumbi la chaki mpaka masikioni. Sasa nimerudi Mlimani, boom bado halijatoka, kwa hiyo nina muda wa kusema lililonikaa rohoni.

Kule nilikokuwa, shule moja ya kata huku huku Dar (jina nalihifadhi), kila siku ya Mungu ofisini kwa walimu lilikuwa linarudi neno moja: watoto wa siku hizi hawana uchungu na shule yao. Wamevunja bomba. Wamechora madawati. Mstarini wanaimba wimbo wa shule kama wamefiwa, ubeti wa pili wanaumumunya tu. "Sisi enzi zetu bwana..." na hapo ndo unajua chai itapoa.

Mi nilikuwa nanyamaza, maana mwalimu wa TP ni kama mkwe ugenini, anapokea kinachowekwa mezani na kushukuru. Lakini hapa niko kwetu, acha niseme. Shule haipendwi kwa vipindi. Inapendwa kwa yale masaa yanayobaki vipindi vikiisha, na masaa hayo sisi walimu tumeyala yote.

Hebu hesabuni nami siku ya mtoto wa form four. Saa 1 kasoro asubuhi awe ameshaingia getini. Usafi, mstarini, halafu vipindi vya dakika 40 kuanzia saa 2 mpaka saa 8 na dakika 40 mchana. Kwenye karatasi shule imeisha. Kumbe wapi! Remidio mpaka saa 11. Jumamosi remidio tena mpaka saa 7 mchana. Likizo ya Juni, kambi ya masomo. Ongezeni na daladala, konda akiona sare anajifanya gari limejaa, kwa hiyo denti wa Mbagala anaingia kwao saa 1 usiku na homuweki mkononi. Sasa jamani, huyu aipende shule saa ngapi?

Jiulizeni wenyewe. Usiku tukianza stori za advance pale kijiweni, nani ameshawahi kusimulia remidio ya Kemia? Tunasimulia mchakamchaka wa alfajiri na yule jamaa aliyekuwa anaanzisha nyimbo huku sauti imempinda. Tunasimulia mdahalo wa Ijumaa, mada ileile kila mwaka, na watu walivyorushiana maneno kama wako bungeni Dodoma. Disko la Jumamosi bwaloni, meza zimesukumwa ukutani na bado zinanuka maharage. UKWATA, TYCS, CASFETA, TAMSYA, mwaliko ukitoka shule ya wasichana hata wale wasioshika dini walikuwa wacha Mungu ghafla (mnajijua). Karibu yote hayo tuliyaendesha wenyewe. Mwalimu alikuja kuzima taa tu. Tulipanga, tukavurunda, tukapanga upya, na katikati ya kuvurunda huko tukaanza kusema "shule yetu" bila mtu kutulazimisha.

Sasa bweni lina bahati hiyo, muda unakuwepo tu hata kama ratiba imebana, maana hakuna anayeenda kwao. Shule za kata, zilizojengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2006, nyingi ni za kutwa. Kule ukiyala masaa ya alasiri, hakuna masaa mengine.

Na hesabu hii mbovu hatukuianza jana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA ilisitishwa, ikaja kurudishwa na serikali ya awamu ya nne. Watu wa soka wanalalamika mpaka leo kwamba tulipoteza kizazi cha wachezaji. Sawa, lakini uchungu wangu mimi si Taifa Stars. Wengi wa watoto wale hawangefika hata ligi ya mtaa. Walichonyang'anywa ni sababu ya kuvaa rangi za shule na kukauka koo wakimshangilia mtu wa darasa lao.

Halafu yakaja matokeo ya form four ya 2012, yale yaliyotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wana sifuri. Nchi ikashtuka, na ilikuwa haki yake kushtuka. Mwaka huohuo likaingia Matokeo Makubwa Sasa, shule zikapakwa rangi ya kijani, njano au nyekundu kufuatana na mtihani. Tangu hapo, kwa macho yangu, mkuu wa shule akiona dakika tupu kwenye ratiba anaona alama zinavuja. NECTA wenyewe waliacha kutangaza kumi bora Januari 2023, lakini piteni kwenye mageti muone mabango.

Najua jibu mtakalonipa, nimelisikia ofisini wiki nane: wakiachwa huru wataenda kubeti, au tutaletewa kesi za mimba. Anayebeti anabeti hata siku ya remidio, anachofanya ni kuruka ukuta tu. Na hilo la mimba ndo linanifanya nishikilie zaidi, kwa sababu hamjawauliza wasichana muda wao huru uko wapi. Mi niliwauliza. Nyumbani hakuna. Akifika ni ndoo, ni jiko, ni wadogo zake, ni kumsaidia mama kwenye genge. Kaka yake ana kijiwe, yeye ana sufuria. Kwa msichana wa shule ya kutwa, saa moja ya kukaa na wenzake na kucheka bila kutumwa inapatikana shuleni au haipatikani kabisa. Ukimpa remidio mpaka saa 11 hujamlinda na chochote, umemnyima saa hiyo na kumrudisha njiani giza likiingia.

Ijumaa moja walimu tulikuwa na kikao kilichogoma kuisha, remidio ikafa kifo cha kawaida. Form three wakabaki bila mtu. Nilitoka kuchukua daftari nikakuta dakika kumi tu zimetosha: mpira wa makaratasi na nailoni uko kati, mkondo A na mkondo B wamejipanga, pembeni wasichana wana rede yao. Aliyekuwa anatunga nyimbo za kushangilia ni binti ambaye kwenye kipindi changu cha Historia hakufungua mdomo wiki tano nzima. Anawaimba wachezaji mmoja mmoja kwa majina na visa vyao, mpaka mlinzi akaliacha geti akaja kusikiliza. Nilichelewa kurudi kikaoni.

Jumatatu mstarini wakaambiwa walipiga kelele wakati wa kikao, adhabu kufyeka. Wakafyeka. Jioni remidio kama kawa, na mezani tukarudi kwenye mada yetu ya watoto wasio na uchungu na shule.

Ninachotaka si kikubwa. Jumatano na Ijumaa, saa 8 na dakika 40 mpaka saa 10 na nusu, pasiwe na remidio. Wanafunzi wenyewe waseme wanataka nini, mdahalo, rede, kwaya, kusuka nywele chini ya mwembe, hewala. Mwalimu wa zamu awepo, akae mbali na chai yake. Gharama ni mipira miwili na kamba. Na tusidanganyane na kile kipindi cha "Michezo na Klabu" kilichoandikwa kwenye ratiba ukutani. Pale kwetu kilikuwepo, Jumatano, na kila Jumatano kilizibwa na Hesabu. Tena uwanja wenyewe nusu umeshajengwa madarasa, lakini nusu iliyobaki inatosha watoto wasiodai goli la chuma.

Na sisi tunaosomea kazi hii tujitazame. Wasimamizi walinijia mara mbili, wakakagua andalio la somo, azimio la kazi, mpaka mwandiko wangu ubaoni. Hakuna aliyeniuliza kama naijua klabu hata moja ya pale shuleni, au kama niliwahi kusimama uwanjani. Nikiajiriwa (nikiajiriwa! foleni mnaijua), ombi langu la kwanza kwa mkuu wa shule litakuwa Jumatano alasiri.

Watu wa Hesabu najua mnanisubiri, mtasema kipindi kile ni chenu kwa haki. Haya, leteni hoja. Ila si kesho, kesho nina seminari ya Saikolojia ya Elimu na sijagusa desa hata moja.