Frateri na upinde

"Frateri, bado unachonga pinde?" Niliulizwa hivyo likizoni, Bariadi. Kwetu upinde huwakumbusha watu sungusungu wa miaka ya 1980 na wezi wa ng'ombe. Nilipoingia seminari niliacha kuchonga, nikidhani ni utoto. Mwaka huu nimerudia.

Mtakatifu Toma wa Akwino anasimulia kwamba watu walikwazika kumkuta Mtume Yohane akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mishale. Kisha akamwuliza kama angeweza kuendelea bila kukoma. Akajibu: upinde ungevunjika. Ndivyo na roho.

Mwenye upinde hulegeza kamba akimaliza kazi. Nasi tusione aibu kupumzika. Mtumishi aliyevunjika atamhudumia nani?